Sabato Hii Nimwoshe Bitutu Miguu?

Mpendwa Shangazi Milka, nisaidie, na tafadhali unisome hewani kabla ya Jumamosi, maana baada ya hapo ushauri hautanifaa. Mimi ni msichana wa Awendo, nasomea uuguzi Homa Bay mwaka wa pili, na kuhusu hii corona hakuna utakachoniuliza nikose jibu, watafiti walikuja chuoni wakatuuliza inavyoenea, dalili zake, jinsi ya kujikinga, na darasa letu likajibu yote, lakini Shangazi hosteli ni dunia nyingine, barakoa tunaipandisha kutoka kidevuni tukimwona mwalimu, tunakula sahani moja, na Terry tunayelala naye chumba kimoja alipoanza kukohoa akaniambia, "Wee, hii ni baridi tu, wacha uoga," nami nikaendelea kula naye nisionekane najifanya daktari.

Nimekuja nyumbani wiki hii na jana nilikuwa nakaanga omena, mama akaingia jikoni mbio, "Omena inaungua na unaiangalia tu!" nami nimesimama juu ya sufuria sisikii harufu yoyote. Nilijua hapo hapo. Sijamwambia mtu.

Sasa sisi ni Waadventista, na Sabato hii ndiyo Meza ya Bwana ya kwanza tangu makanisa yafunguliwe, na kabla ya mkate tunaoshana miguu wawili wawili, na mwenzangu ni nyanya Bitutu jirani yetu, ambaye zamani alikuwa akioshwa na marehemu nyanya yangu, nami nikamrithi. Ana sukari, miguu imekufa ganzi, na hamruhusu mtu mwingine kuigusa, anasema wengine wanamwosha kama viazi. Juzi aliniita kutoka ng'ambo ya ua, "Daktari wangu, taulo iko tayari, wewe uko tayari?" nikajibu ndiyo.

Nikikosa, kwetu msichana anayekwepa Meza watu wanasema anaficha dhambi, na dhambi ya msichana wa chuo wanaijua moja tu. Nilimjaribu mama, nikasema labda nitabaki nyumbani, akaacha kupanga ndizi zake za kuuza. "Uko na mimba?" Nikasema hapana. "Basi utaenda. Sitaki kuulizwa maswali sokoni." Je, nikivaa barakoa mbili na kunawa vizuri, siwezi kumwosha haraka haraka tu nikatoka?

Muuguzi mtarajiwa, Awendo.

*

La, huwezi. Na unajua huwezi, ndiyo maana umeniuliza mimi badala ya kumuuliza mwalimu wako.

Pole kwa kuugua, mwanangu, na pole kwa woga. Nawajua wanawake wa sokoni na macho yao yanayopima tumbo la binti wa mtu. Lakini acha nikukaripie. Watafiti mliwajibu yote, kisha mkarudi chumbani mkala sahani moja na mkohozi! Eti hukutaka kuonekana unajifanya daktari. Chuo ulipelekwa ukajifanye nani? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila safari hii huenda kisikuumbue wewe kijana. Kitaupita mlango wako kiende kwa Bitutu.

Barakoa mbili za nini? Kumwosha mtu miguu ni kupiga magoti mbele yake, kuombeana na kukumbatiana. Huwezi kuifanya ibada hiyo kwa haraka, na ukiifanya kwa haraka utamwosha kama viazi.

Kuhusu mimba, waache waseme. Tumbo lako litakutetea lenyewe. Miezi ikipita bila mtoto watatafuta binti mwingine wa kumpima.

Sasa sikiliza. Vaa barakoa, mwite mama uani, simama mbali naye, umwambie kwa nini omena iliungua. Atashukuru si mimba, kisha ataogopa, na ana haki. Nendeni mkapimwe nyote wawili. Mpaka majibu yatoke, ndizi zisiende sokoni nanyi msiende kanisani. Lala peke yako, dirisha wazi, na ukibanwa na pumzi usingoje kesho, kimbilia hospitali. Mwambie Terry naye apimwe. Mzee wa kanisa apate habari leo, aamue kama mabeseni ya kuoshea miguu yatatoka Sabato hii.

Kisha mpigie Bitutu simu wewe mwenyewe. Usimtume mama, na usingoje Jumamosi asubuhi akiwa amekwisha kuvaa. Atanuna, pengine atalia, nawe utaumia kumsikia. Vumilia, usilegee ukamwambia utajaribu. Mwambie alikunje taulo aliweke kabatini, na siku utakayopona utakwenda na beseni lako mpaka kwake, iwe siku ya Meza au isiwe. Taulo litangoja. Wewe hakikisha na miguu itakuwepo.