Nilibadili Mipangilio Nisome Vitabu, Sasa Mama wa Chai Anapigiwa Ramli

Shikamoo Mama Serafina. Naomba unijibu kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi kuna mtu atatajwa kwa kosa ambalo ni langu.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, kwetu ni Ushirombo ila naishi Kalangalala, ni karani wa kikundi cha wachimbaji wadogo, na jioni nasoma stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu kwa njia ya mtandao, chuo kiko mbali na vitabu vyake vinafunguka kwenye kompyuta tu, huwezi kuvichapa wala kuvinakili, na simu yangu ndogo haivifungui, kwa hiyo mwenyekiti wetu, Mzee Donatus, aliniruhusu nibaki ofisini kazi ikiisha nitumie kompyuta ya kikundi, maana ananichukulia kama binti yake.

Sasa ile kompyuta fundi wetu Deogratias aliibana sana kwa kuwa inatumiwa na watu wengi, aliweka brauza isahau kila kitu ukiifunga, akamfundisha mzee kwamba akimaliza kusoma barua pepe asihangaike, abonyeze tu ile eksi ya juu na kila kitu kimefutika, na mzee anafanya hivyo mpaka leo. Vitabu vyangu vikagoma. Ikaandikwa kwamba brauza hairuhusu maudhui yaliyolindwa, nikafuata maelekezo ya chuo, nikaingia kwenye mipangilio nikaruhusu, vikafunguka, nikafurahi, kumbe kila brauza ikisahau, maktaba ya chuo inahesabu nimekuja na kompyuta nyingine, na mwanafunzi anaruhusiwa kompyuta tatu tu, siku ya nne nikafungiwa nje. Chuo wakanifungulia wakasema hawatarudia. Ndipo nikarudi kwenye mipangilio nikaiondoa ile ya kusahau, na sikumwambia mtu, si mzee, si Deogratias, niliogopa wataniambia nirudishe na mtihani wangu ni Jumatatu ijayo.

Mama, Jumatatu iliyopita mzee alipokea kwa barua pepe majibu ya maabara ya mawe tuliyochukua karibu na shamba moja la mihogo, mahali ambapo kikundi kinaombea leseni, na dhahabu iliyokuwemo ilikuwa nyingi kuliko tulivyotegemea, akasoma, akabonyeza eksi yake, akaenda msibani Bukombe. Kesho yake akaja Masele, dalali wa mawe tunayemfahamu, akaomba achape karatasi, nikamwachia kiti nikaenda dukani maana karatasi zilikuwa zimeisha, niliporudi akasema ameghairi, akaondoka. Alhamisi watu zaidi ya mia wakaingia pale shambani na sururu na maturubai, rashi imeanza, yaani ule mvamio wa kugombea dhahabu, na sisi wenye ombi la leseni tumebaki watazamaji.

Kikao kikaitwa. Maduhu, anayesimamia maduara, yale mashimo yetu ya kuchimbia, akauliza nani anaingia ofisini, wakahesabu: mzee, mimi, na Mama Maganga anayetuletea chai na maandazi. Maduhu akasema, “Huyu mama anashinda pale mlangoni na birika lake, masikio yake yanafanya kazi gani?” Mama Maganga akajibu, “Baba, mimi hata jina langu sijui kuliandika, hayo majibu ningeyasomaje?” Wakasema basi ametumia dawa. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, nikatazama sakafu. Tangu siku hiyo hakuna anayekula kwake, sufuria yake ya maharage ilipigwa teke, na Maduhu ameshamwita mpiga ramli aje Jumamosi aonyeshe mwizi wa siri, na jina litakalotoka wote tunalijua. Nimemsikia mchimbaji mmoja akisema likitoka tu, yule mama hatalala tena kwenye nyumba ile.

Jana nikafungua historia ya brauza, nikaona barua pepe ya mzee ilifunguliwa Jumanne saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, saa ambayo mzee alikuwa Bukombe. Nimepeleka kishale kwenye neno “futa” mara tatu na mara tatu nimekiondoa. Nikifuta, hakuna atakayejua. Nikisema, kazi imekwenda, kompyuta imekwenda, mtihani umekwenda, na mzee sijui nitamtazama vipi usoni. Nifanyeje, Mama?

Paskalina (jina nimebadili), Geita

MAMA SERAFINA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Gazeti linatoka Alhamisi na Jumamosi yako iko mlangoni, ndiyo maana nilikupigia simu mara tu nilipomaliza kusoma. Haya ninayoyachapa ni yaleyale niliyokuambia, wayasome na wengine wanaotumia kompyuta za pamoja.

Toa mkono kwenye hilo neno “futa” na usiurudishe. Hiyo historia ndiyo shahidi pekee aliye naye Mama Maganga. Ipige picha kwa simu yako leo hii, tarehe na saa vionekane.

Nakuonea huruma, sikufichi. Msichana anayefanya kazi mchana na kusoma jioni anastahili pongezi, na chuo kinachohesabu kompyuta moja kuwa tatu kinastahili kugombezwa. Kutaka kitabu chako kifunguke si dhambi. Kubadili mipangilio ya kompyuta ya watu ukanyamaza ni kosa, ila ni kosa la kusameheka. Kilichonichefua ni kile kikao. Mama wa watu anasema mbele yako kwamba hajui kuandika jina lake, na wewe unayesomea kutunza kumbukumbu, unayejua fika kilichotokea, unatazama sakafu! Hapo siwezi kukupaka mafuta.

Sasa nisikilize. Kesho alfajiri nenda nyumbani kwa Mzee Donatus, kabla hajaonana na Maduhu. Mwamkie, kaa, umwambie kwa maneno mepesi: “Baba, niliiondoa ile ya kusahau, wewe ukafunga ukijua imefutika, kumbe barua yako ilibaki wazi.” Usimzungushe kwa lugha ya mafundi. Mwonyeshe ile saa nne na dakika kumi na mbili umuulize yeye alikuwa wapi. Ataelewa, na atapandisha hasira, na ana haki. Hasira ikipoa abadilishe nywila yake.

Masele usimwite mwizi. Picha inaonyesha barua ilifunguliwa, haionyeshi aliyeifungua ni nani. Sema ulichokiona tu: ulimwachia kiti, ulikwenda dukani, ulirudi akaghairi. Mmeshamhukumu mtu mmoja kwa kukisia, inatosha.

Ukitoka kwa mzee, akubali asikubali, nyoosha kwa mtendaji wa kata na kituo cha polisi. Ramli za kuchonganisha watu zimepigwa marufuku, na sisi wa huku hatuhitaji kusimuliwa zinaishia wapi, tumezika akina mama kwa sababu ya ramli hizo. Mtu ameshatamka kwamba mama huyo hatalala kwenye nyumba yake. Maneno hayo yapeleke polisi kama yalivyo, na umtaje aliyeyasema. Ukingoja uone Jumamosi itakuwaje, utakuwa umechagua.

Vitabu vyako? Mwambie Deogratias airudishe brauza kwenye kusahau, ila aipe ruhusa tovuti ya chuo chako peke yake ikumbukwe, au akutengenezee upande wako wenye nywila yako ndani ya kompyuta hiyohiyo. Ni kazi ya dakika tano, ungemwomba tangu mwanzo tusingefika hapa. Wakikunyang'anya kompyuta, andikia chuo uombe kuahirisha mtihani. Kama kazi itabaki au itaondoka, hilo silijui na sitakudanganya.

Halafu nenda kwa Mama Maganga, siku hiyohiyo. Najua tulivyolelewa, utataka kubeba kilo ya sukari na mche wa sabuni. Usibebe. Akiuona huo mfuko atadhani umekuja kumpa pole, atakushukuru, atakukaribisha kigoda, na ukishashukuriwa mdomo wako hautafunguka. Ingia mikono mitupu, piga magoti, umwamkie, umwambie ni wewe. Kisha baki hapohapo chini, hata akikufukuza, mpaka amalize kusema yote aliyo nayo.