Nimelitoa Bomba Lako, Baba Njeri

Baba Njeri wangu,

Ijumaa iliyopita Fundi Wafula alifungua boneti ya pikapu yako, akalitoa lile bomba la hewa na kurudisha boksi jeusi la zamani. Mimi ndiye niliyemwambia alitoe. Nimeanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu anayezungukazunguka kabla ya kusema alichofanya. Sasa umeshajua. Kasirika kwanza, kisha unisikilize.

Barua hii naiacha wazi. Njeri ataisoma, Mama Akinyi wa mlango wa pili ataisoma, na Wafula mwenyewe akitaka. Kuna jambo humu ambalo sijamwambia yeyote tangu siku uliyotuacha, na nimechoka kulibeba peke yangu.

Unakumbuka siku ulipolileta? Uliingia umekumbatia mfuko kama mtoto mchanga, ukaniambia niache viazi nilivyokuwa nikimenya nije nione. Ndani mlikuwa na bomba linalong'aa na chujio jekundu lenye umbo la koni. Ulinieleza ukiwa umesimama, hata kofia hukuvua. Injini ni kama mtu, ulisema, ikipewa hewa nyingi inapata nguvu nyingi, na lile boksi la kiwandani lilikuwa linaikaba koo. Kijana wa duka la vipuri alikuwa amekuhakikishia, "Mzee, weka hii kitu, utaskia tofauti hapo hapo." Nikakuuliza kama kijana huyo aliwahi kupandisha vitunguu mlimani. Ulinitazama kwa huruma, vile ulivyowatazama watu wasiojua magari.

Na kweli tofauti tuliisikia. Pikapu iliyokuwa ikipita hapa mtaani Mbotela bila mtu kugeuza shingo sasa ilivuta pumzi kwa kelele kila ulipokanyaga mafuta, kama mtu anayefyonza chai ya moto. Mama Akinyi alikuwa anafua nje siku hiyo ya kwanza. Alinyanyua beseni lake la nguo kulitoa njiani, akaniuliza, "Mama Njeri, hii gari yenu iko na pumu?" Ulicheka na sisi, lakini uliumia kidogo. Nilikuona.

Basi ukataka tuipime.

Wengine hawatajua jinsi tulivyopima, acha niwaeleze. Jumanne na Ijumaa tulikuwa tunaenda Naivasha kuchukua vitunguu vya kibanda changu na vya wenzangu wa huku Jogoo Road. Kurudi lazima upande ule mlima wa Mai Mahiu, na mimi mlima ule nauogopa mpaka leo. Malori yako mbele, malori yako nyuma, na upande mmoja hakuna kitu ila bonde. Kwa hiyo nilikuwa naimba nyimbo za kanisa, kuanzia lile kanisa dogo la bondeni mpaka pale juu wanapouza ngozi za kondoo. Tukiwa na magunia kumi, zilikuwa nyimbo sita kamili. Miaka yote ilikuwa sita. Mtu mwingine angetumia saa. Sisi hatukuwahi kufikiria saa.

Siku ya kulijaribu bomba tulipakia magunia kumi yale yale. Jua lilikuwa la saa saba. Tulipofika kanisani nikaanza, na wewe ukakanyaga mafuta. Kelele ilikuwa kubwa hivi kwamba nililazimika kupaza sauti. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa sita ukaisha na juu hatujafika. Nikaendelea na wa saba, nikamaliza ubeti mmoja, ndipo tukafika kwenye ngozi.

Uliegesha kando. Mikono yako ilibaki kwenye usukani.

"Leo umeimba mbio," ukasema.

"Nimeimba vile naimba siku zote."

"Zii. Ile ya tatu uliikimbiza."

Tulibishana mpaka Nairobi. Mimi nilisema hilo bomba halijaongeza kitu, limepunguza. Wewe ulisema mwanamke mwenye woga huimba haraka, kwa hiyo nyimbo zinaingia nyingi. Na Jumapili, bila haya, ulimsimamisha mwalimu wa kwaya nje ya kanisa ukamuuliza kama jambo hilo linawezekana. Maskini, akasema linaweza. Ulirudi nyumbani kama mtu aliyeshinda kesi pale mahakama ya Makadara.

Niliwacheka wote wawili. Nilikutania kwa lile bomba miaka minne, mbele ya watu na nyuma yao. Kitu kimoja tu sikukitania. Tangu ulifunge, niliweza kukusikia ukikata ile kona ya mfereji ya kuingia kwetu, ukibadilisha gia, ukivuta ile pumzi. Kutoka pale mpaka mlangoni ulikuwa ni muda wa kuacha nilichoshika na kubandika maji. Saa kumi na dakika chache, ulipomaliza kufunga turubai na kunawa mikono, kikombe kilikuwa mezani. Ulikuwa unauliza swali lile lile kila siku.

"Nani amekuambia nakuja?"

"Pumu yako."

Sasa nifike kwenye lile nisilolisema.

Siku ya tatu ya wewe kulazwa kwa ile presha, daktari alisema unaweza kunywa uji. Nilitoka wodini mchana nije nikupikie wangu, kwa sababu uji wa hospitali ulipouona ulikunja uso. Pikapu ilikuwa imeegeshwa hapa nje tangu tukupeleke. Ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wangu. Nilikuwa nakoroga uji, saa kumi na dakika chache, niliposikia pikapu ikikata kona ya mfereji.

Nilisikia gia. Nilisikia pumzi. Nilisikia ikija mpaka mlangoni na kuzima.

Niliufungua mkoba, nikaugusa ufunguo. Ulikuwepo. Nikajiambia masikio yangu yanacheza kwa uchovu, na sikusimama. Hata pazia sikufunua. Niliendelea kukoroga. Uji ulikuwa bado jikoni simu ya hospitali ilipolia, na waliponitajia saa uliyokata roho, nilijua tayari.

Ulikuja nyumbani na hukukuta chai. Hilo ndilo limenikalia kifuani mwaka mzima na nusu. Watu wanadhani ninalia kwa sababu sikuwa kando ya kitanda chako. Ninalia kwa sababu nilikusikia na sikuinuka.

Baada ya mazishi pikapu ilikaa mwezi bila kuwashwa. Kisha Njeri akasema ataendesha yeye, na nani angemkataza, amerithi kichwa chako. Siku yake ya kwanza kutoka Naivasha nilikuwa hapa nachambua sukuma wiki. Ile pumzi ikasikika kwenye kona. Mikono yangu haikuniuliza. Niliwasha jiko, nikabandika maji, nikatoa kikombe chako cha bati, nikaweka na sukari vijiko vyako vitatu. Mlango ukafunguka, akaingia Njeri. Alikitazama kile kikombe, akaketi, akakinywa chote. Yeye hanywi sukari.

Hivyo ndivyo tumeishi. Kila Jumanne na kila Ijumaa unakata kona, unafika mlangoni, na anashuka mtu mwingine. Niliichukia ile sauti, na siku Njeri alipochelewa niliingoja mpaka shingo ikaniuma. Mama Akinyi naye hunyanyua beseni akiisikia, kisha hutazama chini, hataki tukutane macho.

Lakini tangu mwezi uliopita pikapu ilianza kutoa moshi wa buluu. Mlimani ikawa inachoka, malori yanampigia Njeri honi. Tukampelekea Wafula. Alilifungua lile chujio jekundu, akapitisha kidole ndani ya bomba, akanionyesha. Kidole kilikuwa na vumbi laini kama unga.

"Mama Njeri, ukweli usemwe," akasema. "Hii paipu inavuta hewa ya moto ya hapa ndani kwa injini. Ile boksi ilikuwa inachukua ya baridi kutoka huku kwa madigadi, juu ya tairi. Na hii chujio ilichoka kitambo, inapitisha vumbi. Vumbi inasaga injini. Ukiacha hivi, mwaka hauishi, hii gari utaiuza kama chuma."

"Kwa hivyo haikuongeza nguvu?"

"Hata kidogo. Iliongeza kelele."

Niseme ukweli, nilifurahi. Nilitamani uwe hapo usikie. Nikamwambia, "Laiti Baba Njeri angekuwa hapa akuambie nilikimbiza wimbo wa tatu."

Wafula akapangusa mikono yake muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mzee alijua," akasema. "Alikuja hapa hata miezi tatu haijaisha. Akaniambia, Wafula, toa hii takataka, mlima imenishinda. Nikachukua spana, nikalegeza ya kwanza. Akanishika mkono. Akasema, hebu wacha. Mama Njeri ameizoea. Akiiskia anaweka chai."

Niliketi juu ya tairi.

Nilikasirika, Baba Njeri. Miaka minne ulinibishia juu ya nyimbo zangu ukijua nimeshinda. Ulipanda mlima ule ukisukumwa na honi, ukachoma mafuta zaidi, ukanyamaza, ili mimi nisikie ukija. Na siku moja tu uliyonihitaji niinuke, nilikuwa nagusa ufunguo kwenye mkoba. Nililia pale pale mbele ya Wafula na mafundi wake, na sikuona aibu.

Njeri akaniambia, "Mum, kama hutaki, tusitoe. Nitaenda nayo tu hivyo."

Nikamfikiria pale kwenye kona za Mai Mahiu na moshi, na lori limemfikia nyuma. Wewe ungempa mtu jibu kabla hajamaliza swali. Mimi lilinichukua siku mbili. Boksi la zamani lilikuwa juu ya kabati ulikoliweka, umelifunga vizuri kwa gunia la vitunguu. Uliniambia kitu cha kiwanda hakitupwi. Nililishusha mwenyewe, nikalipangusa, nikalibeba kwa miguu mpaka kwa Wafula.

Jumamosi Njeri alirudi kutoka Naivasha, kwani Ijumaa pikapu ilikuwa kwa Wafula, na nilikuwa jikoni. Sikusikia chochote. Nilishtuka kumwona amesimama mlangoni, turubai ameshafunga na mikono ameshanawa.

"Mum, leo hakuna chai?"

Kisha akabandika maji mwenyewe.

Jumanne nikaenda naye Naivasha. Wafula alikuwa ameosha injini na kubadilisha vya kubadilishwa, na tulipakia magunia kumi. Pale kanisani nikaanza kuimba, na gari ilikuwa kimya hivi kwamba nililisikia kila neno langu. Wimbo wa sita ulipofika mwisho, tulikuwa kwenye ngozi za kondoo. Sita kamili. Nilimgeukia Njeri nimwambie tumeshinda.

"Ulikuwa unaimba polepole," akasema, macho yakiwa barabarani, na mdomo umekunjwa upande mmoja kama wako. Nilicheka mpaka nikajifuta machozi, na muuza ngozi mmoja akaja kuuliza kama mama yuko sawa.

Nilidhani yameishia hapo. Bomba lako nimelifunga kwa gunia lile lile, liko juu ya kabati. Nilijiambia sasa nyumba itatulia.

Jana Njeri hakuenda popote. Alikuwa anaosha pikapu hapa nje, mlango wangu uko wazi, naiona yote, boneti imefunguliwa na boksi jeusi liko mahali pake. Mama Akinyi alikuwa anafua. Mimi nilikuwa namenya viazi. Ilikuwa saa kumi na dakika chache.

Nikakusikia ukikata kona ya mfereji.

Ulibadilisha gia. Ulivuta ile pumzi. Nilimtazama Njeri, alikuwa ameinama anasugua tairi, hakuinua kichwa. Lakini Mama Akinyi alishika beseni lake kwa mikono miwili, akalitoa njiani, akasimama nalo akiitazama njia ambayo haikuwa na kitu.

Sikutafuta mkoba. Niliviacha viazi, nikainuka, nikabandika maji. Nikaweka kikombe cha bati cha chai mezani, sukari vijiko vitatu. Nilikaa upande wangu wa meza mpaka kikapoa, na hakuna aliyeniuliza swali lako lile, na nilijibu hata hivyo.

Umeikuta chai, Baba Njeri. Sasa pumzika, usipande tena mlima ule kwa ajili yangu.

Ni mimi niliyekusikia kila siku na nikainuka, isipokuwa siku moja,

Mama Njeri.