Begi kwa Mtani

Jumatano, 10 Julai 2024

Wewe uliyelishika daftari hili – sijui ni nani – nakuomba kwa Mungu unayemwamini, usimsomee mtu. Hata mume wako, hata mke wako, hata kwa kunong'ona. Ukishasoma lifunge, unyamaze. Kuna mtu yuko mahabusu kwa ajili ya jambo hili, na mimi niko mbali na nyumbani.

Basi. Nimeshasema. Sasa naweza kuandika kama siku zote, kwa ajili yangu mwenyewe.

Nimefika. Kambi ya Mninga. Vibanda vya mbao ndani ya msitu, na chini yake ziwa. Tumetoka Tabora kwa gari la Bosi: Urambo, Kaliua, Uvinza, mpaka Ujiji. Kisha boti kuelekea kusini. Ni njia ya wapagazi wa kwetu, tuliikariri shuleni kwa ajili ya mtihani. Wao walipita na pembe mabegani. Mimi nimepita na begi la nguo, vioo vimefungwa.

Ufukwe ni mrefu na hauna kitu. Hakuna duka, hakuna gati, hakuna mnara wa simu. Nyayo za nyani tu mchangani. Adriano, msimamizi wa kambi, anasema wageni wanalipa hela nyingi kuja kuona mahali pasipo na kitu. Wageni wenyewe hawapo. Msimu haujaanza, anasema. Julai hii! Msimu unaanza lini?

Adriano ni mdogo wake Bosi. Simu yangu ameichukua akaichaji ofisini kwake.

Niandike sababu ya kuwa hapa, mara moja, nisirudie. Mimi ni karani wa ghala la mchele la Bosi, Kanyenye, Tabora. Mwezi uliopita, asubuhi, gari la Bosi lilimgonga Mwanahawa, anayeuza vitumbua nje ya geti letu. Nilikuwa dirishani. Aliyeshuka mlango wa dereva ni Valentino, mtoto wa Bosi. Mahona, dereva wetu, alikuwa uani kwa nyuma, anafunga turubai la fuso. Nilimwona huyu na nikamwona yule. Mchana Mahona akachukuliwa. Ikasemwa ndiye aliyekuwa anaendesha. Mwanahawa aligongwa kwa nyuma, hakuona mtu. Amekatwa mguu.

Nikaenda kwa Bosi. Nilidhani hajui! Nikamwambia kwa adabu, Bosi, nadhani kuna makosa, Mahona hakuwa garini. Akaniangalia. Akasema, Recheli binti yangu, umeshtuka wewe, umekonda, nenda kwa mdogo wangu ukapumzike. Baba alifurahi mno. Alitangaza kanisani kwetu Itetemia kwamba binti yake anapelekwa likizo.

Kesi ya Mahona ni Jumatatu tarehe 22. Bosi anasema nitakuwa nimesharudi.

Alhamisi, 11 Julai

Nimeomba simu. Bado inachaji.

Kuna mlinzi, anaitwa Ezekia. Mwembamba, amewahi kufanya kazi reli, Mgogo wa Manyoni, kwa hiyo mtani wetu Wanyamwezi. Adriano alipomwambia mimi ni Mnyamwezi, aliliangusha rungu chini akapiga makofi. "Mungu mkubwa! Mzigo umejileta wenyewe!" Nikamwuliza kama bado wanatoza hongo, ule ushuru wa misafara. Maana babu zake walitutoza mpaka maji ya kunywa. Akasema hongo haijafutwa, nitoe sasa hivi au nirudi Tabora kwa miguu. Akachukua mche wangu wa sabuni, akaondoka nao! Advera, mpishi, alicheka mpaka akashika ukuta. Yeye ni Muha, anasema kwao watu hawatukanani bila kugombana.

Hata mimi nilicheka. Mara ya kwanza tangu ajali. Kisha nikajiuliza – kwa nini mlinzi anakaa kiti chake kikiwa kimeelekea vibanda? Mlinzi huangalia nje. Huyu anaangalia ndani.

Ijumaa, 12 Julai

Simu bado. Sola ina hitilafu, anasema Adriano. Lakini redio yake inaimba tangu alfajiri.

Nimetembea ufukweni mpaka kwenye mawe. Nilipogeuka, Ezekia alikuwa nyuma yangu, mbali kidogo, anajifanya anaokota kuni.

Jumapili, 14 Julai

Hakuna kanisa. Nimeimba peke yangu sauti ya pili, na wimbo hauendi bila ya kwanza.

Chakula cha mchana, wote mezani. Ezekia akaja na sahani yake akanisalimu Kinyamwezi kwa sauti kubwa, "Mwangaluka, mzigo! Umenenepa. Vizuri. Tumeagizwa tukufuge hapa mpaka hakimu azeeke." Advera akacheka. Adriano naye akacheka, lakini alichelewa. Kijiko kilisimama kwanza. Ezekia akadai chumvi yangu, akapewa, akaenda zake.

Hakimu! Mimi sijamtajia mtu hapa habari za hakimu. Sijamtajia Advera, sijamtajia huyo Mgogo. Nani amemwambia? Ni wazi amewekwa anitishe, na utani ni blanketi tu la kujifunikia. Nimeegemeza meza mlangoni.

Jumatatu, 15 Julai

Nimemfuata Ezekia bombani. Nikamwuliza bila mzaha: kaka, umesikia wapi habari za hakimu? Akatazama ofisi ya Adriano, dirisha lilikuwa wazi. Akanijibu kwa kelele, "Wanyamwezi mnauliza maswali kama mlinunua nchi! Beba maji!" Akanitwika ndoo.

Mjinga mimi. Nimemwonyesha kwamba naogopa.

Jumatano, 17 Julai

Adriano amekuwa mpole leo. Ananiita dada. Anasema Jumapili atanipeleka kwa boti nyuma ya rasi, kuna mapango, maji yake ya kijani, nitapiga picha nyingi. Nikauliza, kwa simu ipi? Ah, utakuwa nayo, akasema. Nikauliza, na kesi ya Jumatatu? Na kwa boti nani tena atakwenda? Wewe na mimi tu, akasema, kana kwamba sikutaja kesi kabisa.

Nilikuwa karibu kukubali. Nafikiri nilikwisha kusema ndiyo, maana nimelelewa kusema ndiyo kwa mtu anayeniita dada.

Ezekia alikuwa anapanga viti. Akauliza, "Mnyamwezi, unajua kuogelea?" Sijui. Tabora nitaogelea wapi? "Basi kataa. Samaki wa huku hawajazoea nyama ya Itetemia. Halafu ukifa, anayekuosha na kukuzika ni nani? Mimi! Mtani ndiye mwenye kazi hiyo. Na mgongo wangu mbovu tangu reli. Nihurumie, mzigo, usipande hiyo boti."

Advera alifuta machozi kwa kanga. Adriano alicheka pia. Hana la kufanya, na yeye ni Mnyamwezi, wa Sikonge. Mtu akimkasirikia mtani amejiaibisha mbele ya wote.

Nami nilicheka. Ila kitu kimoja kimenikaa. Siku zote Ezekia akimaliza utani hudai kitu. Sabuni, chumvi, kipande cha muhogo. Leo hakudai chochote. Alipanga viti akaondoka mikono mitupu.

Alhamisi, 18 Julai

Sijalala vizuri. Nimefikiri mpaka kichwa kinauma.

Kama Ezekia angeniambia kawaida, "Recheli, wanakuzuia hapa ili kesi ipite," angefukuzwa leo hii, au zaidi. Lakini kwa utani amesema mbele ya Adriano mwenyewe! Amesema nafugwa. Amesema hakimu. Amesema nitakufa majini. Na hakuna wa kumhoji, kwa sababu mtani hahojiwi. Kiti chake kipo karibu na dirisha la ofisi, na Adriano anapiga simu kwa Bosi kila jioni, mtandao hushika pale tu. Ndiko alikosikia.

Au ndivyo ninavyotaka iwe. Inawezekana vilevile ni mtu wao, na ananichezea kama paka. Anayenifuata ufukweni ananilinda au ananichunga? Mtu mmoja, matendo yaleyale, maana mbili, na mimi sina wa kumwuliza. Rafiki yangu Zeyana angekuwepo angeniambia. Yeye huwajua watu kwa kuwauzia dawa.

Advera ameniletea uji bila kuombwa. Akasema, kula mwanangu, Jumapili utachoka. Kwa nini nitachoka? Si mapango tu? Akasema hajui, ameambiwa asipike chakula changu cha jioni siku hiyo.

Nilimwaga uji nje ya dirisha.

Ijumaa, 19 Julai

Boti ya walina asali inakuja kesho. Advera ndiye aliyetaja. Wamekuwa msituni kwenye mizinga yao, boti inawachukua hapahapa ufukweni na ndoo zao, inakwenda Ujiji. Nikamwomba Adriano, kwa upole kabisa, niipande, baba anaumwa. Akasema boti hiyo haibebi abiria. Akasema pia kwamba baba haumwi, amezungumza naye jana. Amezungumza na baba yangu!

Mchana Ezekia akasimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni.

"Tangazo! Mnyamwezi huyu hongo hajalipa. Sabuni si hongo, chumvi si hongo. Kesho boti ya asali ikifika nalikamata begi lake, naenda kuliuza Ujiji. Akilitaka anikimbize!"

"Ukimchukua na mwenyewe utapata bei gani?" Adriano akauliza, anacheka.

"Mwenyewe? Wa kumnunua huyu atoke wapi? Anakula wali kuliko ghala lao. Naona nimtupe kwenye ndoo, asali imbane mdomo."

Nikamwambia Mgogo hajui kukimbia, anajua kuomba tu. Wote wakacheka. Adriano akasema kesho atakaa na chai yake atazame mbio hizo, mshindi atampa soda.

Nimeelewa. Mtani akichukua begi langu, hakuna atakayemzuia. Nikimkimbiza ninapiga kelele, hakuna atakayenizuia. Tutapita mbele ya kiti cha Adriano mpaka botini, na atapiga makofi. Hata akishtuka, atasita kwanza. Hawezi kuwa Mnyamwezi wa kwanza kukasirikia utani.

Lakini! Alipomaliza, Ezekia alidai kiberiti changu. Akakichukua akaenda. Alidai, kama siku zote. Kwa hiyo huu ulikuwa utani mtupu?

Jumamosi, 20 Julai

Asubuhi. Naandika haraka, mwandiko si wangu.

Nilipofungua mlango kiberiti kilikuwa kizingitini. Kimejaa. Mtani harudishi! Sijasikia tangu nizaliwe mtani aliyerudisha kitu. Amenirudishia, na chini yake simu yangu. Betri haimo. Sijui kama ameshindwa kuipata, au ni wao wameitoa wakamtuma na simu ili nimwamini. Naamua kumwamini. Si kwamba nina hakika. Ni kwamba kesho ni Jumapili.

Boti imeingia. Naisikia injini, na wanaume wanarusha ndoo. Ezekia amekwisha piga mluzi mmoja. Begi nimeliweka mlangoni ambapo atalifikia, na daftari hili naliingiza ndani yake, chini ya sare ya kwaya. Kwa hiyo daftari litafika botini kabla yangu. Huenda likafika bila mimi.

Kama ni hivyo, wewe unayesoma, nisikilize. Mwanzo nilikuomba usimsomee mtu. Sasa naondoa ombi langu kwa watu wawili. Mpelekee Zeyana, duka la dawa la Gongoni, Tabora, ng'ambo ya msikiti mdogo. Yeye atampelekea hakimu Jumatatu, asome ukurasa wa kwanza mwenyewe. Nilichokiona nimekiandika pale, na jina langu kamili ni Recheli Ezra Kasubi wa Itetemia. Mahona hakuwa garini. Msimpigie Bosi simu. Msimwambie baba, atamwuliza Bosi.

Kunifikia ni hivi. Njoo Ujiji, uliza walina asali wa boti ya bluu, si wa kambi. Waambie wafuate pwani kuelekea kusini mpaka ufukwe usio na nyumba, mahali ambapo mninga mmoja umeinamia maji. Msishukie mbele ya vibanda. Shukeni upande wa mawe, mpande ndani ya msitu kwa njia ya mizinga. Nikiweza kutoka nitajificha huko. Mkiambiwa niliondoka kwa boti na Adriano, si kwa hiari yangu. Mkiambiwa nilionekana ufukweni nikikimbia na kucheka, hilo ni kweli, nilicheka, lakini msiridhike nalo.

Msiite jina langu. Iteni kwa salamu ya Kigogo, kwa sauti kubwa: Mbukwenyi! Nikiwajibu kwa matusi, ni mimi, niko peke yangu, njooni karibu. Nikiwajibu kwa adabu, rudini mkalete askari.

Mluzi wa pili. Adriano amevuta kiti chake, ana kikombe mkononi. Ezekia anakuja mbio