Ukingo wa Blanketi la Ineza

Mama wa mume wangu, mpendwa wangu,

Leo asubuhi nimefungua chumba chetu cha ushonaji hapa Gisozi, Kigali, nikafagia, nikakaa kwenye mashine yako. Tangu tulipokuzika nilikuwa nikiikalia kwa woga, naomba ruhusa kimoyomoyo. Leo nimekaa tu. Ndipo nikaona nikuandikie.

Unakumbuka nilivyofika kwenu? Bibi harusi kutoka Bukoba, Kinyarwanda changu cha kuokoteza, mashangazi wakicheka kila nilipofungua mdomo. Wewe uliyekulia Bujumbura ulinishika mkono ukasema kwa Kiswahili, "Waache wacheke. Sisi tutaongea hii yetu." Kesho yake ukanileta hapa, katikati ya makelele ya misumeno ya maseremala, ukanipa mkasi. Kazi yako ilikuwa mablanketi ya viraka. Nilidhani ugumu wake ni kupanga rangi. Kumbe ugumu uko mwishoni, kwenye ule ukanda mwembamba unaozunguka blanketi lote na kufunga kingo zake zisifumuke.

Nilikujua vizuri siku ile alipoingia Baba Ineza, seremala jirani yetu, mgane wa miezi michache. Alikuja na gauni la kitenge la marehemu mkewe, la kijani, limechanika huku na huku. Binti yake alikuwa haliachi, analala nalo, analiburuta hadi uani. Alitaka mtoto atengenezewe blanketi lenye gauni hilo ndani yake.

"Mama, iko hii moja tu," alisema. "Mukikosea kukata, basi."

Ulilipokea kwa mikono miwili. Hukumuuliza anataka maua au nyota. Ulimuuliza, "Akilala, analishika wapi?"

"Kwenye pindo. Anasugua na kidole mpaka usingizi unakuja."

"Basi halitakaa katikati," ukasema. "Litakuwa ukingo."

Viraka tuliviunga upesi. Ilipofika zamu ya gauni, mimi nikachukua mkasi. "We! Weka chini," ukaniambia. "Mkasi haujui kurudi." Ukapiga hesabu kwa chaki juu ya meza. Blanketi lilikuwa na upana wa sentimita mia moja na urefu wa mia moja na arobaini. Kulizunguka lote ni mia nne na themanini. Ukaongeza thelathini kwa ajili ya kona, maungio, na pale ncha mbili zinapokutana. Gauni tulipolifumua lilitupa kitambaa kizima chenye urefu wa tisini, kwa hiyo tulihitaji vipande sita. Ukanda wako wa kawaida, ule unaokunjwa maradufu, hutaka upana wa sentimita sita. Sita mara sita, thelathini na sita. Nasi tulikuwa na upana wa ishirini na sita tu. Kwingine kote kulikuwa kumechanika.

Nikasema tumalizie upande wa miguuni kwa kitambaa kingine cha kijani. Nani angeona?

"Ineza ataona," ulijibu. "Mtoto akishtuka hachagui upande. Popote atakaposhika, ashike nguo ya mama yake."

Ukanywa chai yako hadi mwisho. Halafu ukafuta chaki ukaanza upya: mkunjo mmoja badala ya maradufu, upana wa sentimita nne. Nne mara sita, ishirini na nne. Kilitosha! Nilipiga makofi peke yangu. Wewe ulikuwa tayari unawaza tatizo jingine, kwamba mkunjo mmoja huchakaa upesi, hasa kwa mtoto anayesugua. Kwa hiyo uliviunga vipande kwa mshazari ili unene usirundikane mahali pamoja, na upande wa nyuma ukaushona wote kwa mkono, mishono midogo iliyobanana, siku tatu ukikataa nisikusaidie.

Ineza alikuja na baba yake kulichukua. Hakutusalimu hata. Alishika ukingo kwa vidole viwili, akaizunguka meza taratibu, pande zote nne, bila kuuachia. Kisha akamgeukia baba yake akamwambia kwa Kinyarwanda kwamba kote ni mama. Yule baba alitoka nje akasimama kati ya mbao zake, ametupa mgongo. Wewe ukaanza kuokota nyuzi sakafuni. "Haya," ukasema, "kuna kazi za watu zinangoja."

Mama, nimeona watu wengi wenye huruma. Machozi yao huja haraka, na baada ya machozi hawajui la kufanya. Huruma yako wewe ilishika chaki ikapiga hesabu mpaka ikatosha. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyokuheshimu siku ile, na sikukwambia. Tulikuwa tunazungumza habari za uzi.

Nakukosa zaidi saa ya chai. Kazi inaenda. Wiki iliyopita mteja mmoja kutoka Kinyinya alipitisha kidole kwenye kona niliyokunja, akaniuliza nani alinifundisha. Nikamjibu, "Mama yangu." Kwa kuwa anajua kwetu, akauliza kama mama yangu ni fundi kule Bukoba. Nikacheka, nikamwambia hapana, huyu nilimpata hapa hapa Kigali.

Pumzika kwa amani, Mama. Hapa tunashona.

Binti yako,
Dativa