Hither Siyo Here

Jumanne, Durban, 1998

Na jina nimeshapewa: Hither. Siku ya kwanza tu ya majaribio kwenye ghala la Mobeni!

Sipho, dereva wa foklifti, alikuwa anapita na mzigo, nikamwita, "Come hither!" Kiingereza changu nimekitoa kwenye Biblia ya zamani ya marehemu baba. Alizima injini ili acheke vizuri. "Eish! Hither!" Nilikasirika mpaka chai ikanishinda.

Mama wa ofisini, anayeamua nani aajiriwe, akaniita. Nikajua nimefukuzwa. Kumbe alitaka kunieleza tu: neno hilo na here ni ndugu wa mzizi mmoja, ila here ni la aliyekwisha kufika, hither ni la anayekuja. Waingereza wenyewe wameliacha, wanatumia here kwa yote mawili. Kama huku yetu ya Kiswahili: niko huku, njoo huku.

Akasema nirudi kesho. Kazi bado hajanipa, na mke wangu kule Tanga naogopa hata kumwambia...

Getini Sipho akaniaga kwa kelele, "Sharp, Hither! Tomorrow!"

Basi, na waniite. Ndiyo kwanza naja. Here nitafika.