Matairi ya Majira Meupe

Suusamyr,
9 Desemba.

Mpendwa mwanangu Ularbek,

Salamu zikufikie huko Krasnoyarsk uliko. U mzima? Kifua kimeacha kukusumbua? Huko mnakojenga majengo wanawapa chai ya kweli au maji yaliyopita karibu na majani tu? Sisi huku tu wazima kiasi. Mama yako anaumwa magoti, ulimi haumuumi. Binti yako Bermet ameota jino la mbele. Mifugo haijambo, na yule ng'ombe mwekundu ana mimba.

Shule niliiacha mapema, unajua, lakini barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Ukiona herufi zinapanda mlima, ujue zimeandikwa na mtu aliyezoea usukani. Ningekupigia simu, ila simu huwa ananishikia mkeo Aizirek, maana mimi vile vidude sivijui. Haya ninayotaka kusema siwezi kuyasema yeye akiwa amenishikia simu sikioni. Kwa hiyo nampa barua jirani yetu Toktosun, anayerudi huko kazini.

Kwanza nikukumbushe una mke wa namna gani. Siku hizi wake za watu wanawaita baba wakwe zao kwa majina kama wanaita mbuzi. Wangu mimi, hapana. Jina langu, Kyshtoobek, limebeba neno kipupwe ndani yake, na kwa kuwa mkamwana hatamki jina la mkwe, tangu umlete nyumbani kwetu hajalitamka neno kipupwe hata mara moja. Yeye husema majira meupe. Bonde zima hakuna mkamwana mwingine mwenye adabu hiyo, na mimi nimejisifia jambo hilo kwenye kila harusi mpaka watu wananihama mezani.

Sasa ile ajali. Wewe uliambiwa kwamba aliendesha kwa kasi. Ukamfokea, ukasema gari liuzwe, na kazi yake ya ukunga pale zahanati aifanye kwa miguu au aache. Nilikuwepo, nakunywa chai, sauti yako naisikia inavyotoka kwenye simu. Nikaongeza sukari, nikaendelea kukoroga.

Mambo yalikuwa hivi. Theluji ilipoanza, aliniomba twende naye sokoni Kara-Balta kununua matairi, maana yale ya kiangazi yalikuwa yamekwisha kabisa. Muuzaji akauliza tunataka ya aina gani. Mkeo akasema ya majira meupe. Yule bwana akacheka, akamwambia hapa dada kuna ya kiangazi, kuna ya kipupwe, kuna ya majira yote, sasa yako ni yapi? Mkeo akanitazama, akavuta kitambaa chake, akanyoosha kidole kwenye yale yenye picha ya mlima na theluji ndani yake. Neno moja lingemaliza kazi, na neno lenyewe ndilo jina langu, nami nimesimama pale kama kigingi.

Basi nikamjibia mimi. Nikasema tupe ya majira yote, kipupwe si kimo humohumo. Nikawaambia wote waliokuwepo kwamba nimeivuka njia ya mlimani ya Töö-Ashuu kwa lori la ZIL tangu sharubu zangu zikiwa nyeusi, na sijawahi kubadilisha tairi kwa ajili ya theluji. Mkeo akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba, mbona farasi wako kila mwaka unambadilishia viatu?"

Nikamjibu kwamba farasi hana injini. Watu wakacheka. Nilifurahi sana walivyocheka.

Sikuwaambia kuwa magurudumu ya lori lile nilikuwa nayafunga minyororo, wala kwamba mgongoni lilibeba makaa ya mawe ya kulikandamiza barabarani.

Tukarudi. Kupanda tulipanda vizuri, na njia nzima nikawa namsimanga, unaona sasa, unaona. Tulipotoka kwenye handaki kule juu na kuanza kushuka upande wetu, alikanyaga breki taratibu, kama anayekanyaga yai. Gari halikusikia. Mwanangu, hakuwa na kasi. Hata punda angetupita. Upande mmoja korongo, upande mmoja ukuta wa theluji. Akazungusha usukani, akaligongesha gari ukutani kwa upande wake mwenyewe. Akavunjika kifundo cha mkono. Mimi nilipoteza kofia.

Dereva wa lori la makaa akatuvuta. Aliyabonyeza yale matairi kwa kidole gumba, akaniambia na mimi nibonyeze. Magumu kama kwato. Akasema mpira wa namna hii baridi ikizidi unakakamaa, haushiki kitu, ila ule wa kipupwe hubaki laini. Akauliza ni nani aliyelivisha gari matairi haya. Mimi, dereva wa ZIL, nikawa natafuta kofia. Mkeo akasema, "Kosa ni langu. Nilikimbiza gari."

Maneno hayohayo ndiyo aliyokuambia wewe.

Wiki iliyopita mke wa mchungaji kule juu alishikwa na uchungu. Gari limekaa uani linamsubiri mnunuzi wako, kwa hiyo Aizirek, mkono mmoja umefungwa, alipanda farasi wangu akaingia kwenye upepo. Mama yako alisimama mlangoni mpaka aliporudi, na mimi hakunisemesha. Mtoto alizaliwa salama, wa kiume. Farasi hakuteleza hata mara moja. Ana viatu vyake vya kipupwe, nilimpigilia mwenyewe.

Juzi nimemuuza yule kondoo dume wangu wa kutambia, Toktosun akatupeleka Kara-Balta kwa gari lake. Muuzaji akaniuliza, mzee, leo tena ya majira yote? Nikamwambia mkeo aseme anachotaka. Akasema ya majira meupe.

Nikamwambia, "Binti, liseme kama lilivyo. Nimekuruhusu."

Akaangalia viatu vyake. Halafu akasema, "Ya kipupwe, Baba."

Sasa yamefungwa yote manne. Nimeyabonyeza kwa kidole gumba changu hiki. Laini.

Lakini radhi bado sijamwomba. Kila asubuhi akiniletea chai nafungua mdomo, kinachotoka ni kusifia chai. Hivyo ndivyo nilivyo, na umri huu sijui kama nitatengenezeka.

Kwa hiyo nakuomba gari lisiuzwe. Mnunuzi wako mwambie asihangaike kupanda mlima. Ukipiga simu, usianze na mimi. Muite mkeo, umwombe radhi kwa kumfokea bure, kisha umsomee barua hii yote polepole, usiruke kitu, mpaka jina langu pale chini. Mimi nitakuwa nje na farasi.

Msalimie binamu yako Maksat na yule mama mwenye nyumba, Yevdokia, anayewapikia. Mama yako anakusalimu sana, na Bermet anataka uje uone jino. Mungu akuepushe na barafu ya huko, akurudishe nyumbani na viungo vyako vyote.

Ni mimi baba yako, nikupendaye hata nikifoka,

Kyshtoobek
(Aizirek anaruhusiwa kulitamka.)