Siku Nilipong'oa Mpini wa Pampu

Nyasura, Bunda

Kwako Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo Dada. Natumaini barua hii inakukuta umekaa uani kwako hapo Ujiji, mguu umeacha kukusumbua, na watoto wote wazima. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Zuhura anakusalimu sana. Tumbo lake limekuwa kubwa, mkunga anasema ni mwezi ujao, Mungu akipenda.

Barua zako mbili nilizipata. Ulipouliza kwenye ile ya pili kama nimeoa mke mwingine ndiyo maana sijibu, Zuhura alicheka mpaka akakaa chini. Hapana Dada. Nilikuwa na jambo zito na sikutaka kukuandikia kabla sijajua mwisho wake. Sasa naujua, na ni mwema, kwa hiyo soma bila wasiwasi.

Unakikumbuka kisima changu? Nilikichimba miaka ile ya shida, tulipokuwa tunapanga foleni ya sabuni na sukari, na vipuri vya pampu havipatikani popote. Vile vipande vya ngozi vya ndani ya pampu nilivikata kwenye mkoba wa zamani wa marehemu Baba. Mtaa mzima ulikuwa unachota pale. Mtu akipita ananiambia, "Fundi, maji yako matamu," na mimi najivuna moyoni kana kwamba maji yale nimeyaumba mimi.

Upande wa juu wa kisima, mwendo mfupi tu, kuna ghala la zamani la pamba. Enzi za ushirika walihifadhi humo pia dawa za kunyunyizia pamba, mapipa kwa mapipa. Ushirika ulipolegea pamba ikaondoka, dawa zikabaki na kufuli. Mwaka huu tajiri mmoja kutoka mbali amelikodi lile ghala aweke mitumba na saruji. Siku hizi Dada kila kitu ruksa, maduka yamejaa, na mimi silalamiki, hata vipuri vyangu sasa navipata. Lakini tajiri huyu alitaka nafasi upesi. Vibarua wake wakayabingirisha yale mapipa mpaka kwenye shimo la zamani la kuchimbia moramu ya barabara, nyuma ya ghala, wakayafukia kwa udongo kidogo, wakaondoka. Mengi yalikuwa yameliwa na kutu. Kisha mvua za vuli zikaanza.

Mtu wa kwanza kuja kwangu alikuwa Mama Nyangeta. Huyu ni jirani yetu, mjane, mwimbaji wa kwaya kanisani kwao, anakaanga samaki na kuwauza karibu na stendi. Alikuja asubuhi na ndoo kichwani, akaitua mbele yangu.

"Fundi, hebu nusa maji hii."

Nikanusa. Harufu ile naijua. Kila aliyewahi kupita kando ya shamba la pamba siku ya kunyunyiza anaijua.

"Bata wangu wamekufa wote," akasema. "Na mjukuu wangu jana alishikwa na degedege, na mwili hauna homa. Yuko hospitali. Mimi sikusoma, lakini hii si malaria."

Tukaenda naye hadi kwenye shimo. Mvua ilikuwa imeufukua ule udongo, mapipa yako nusu nje, na picha ya fuvu na mifupa bado inaonekana kwenye bati. Maji yenye weupe kama maziwa yalikuwa yanatiririka kuelekea kwetu. Zuhura alikuwa amekunywa maji ya kisima asubuhi ile ile, na mimi ndiye niliyempampia.

Nilirudi nikachukua spana, nikafungua nati, nikang'oa mpini wa pampu, nikaubeba begani mpaka nyumbani. Sijawahi kubeba kitu kizito kama kile.

Haikufika adhuhuri watu walikuwa wamejaa mlangoni kwangu na ndoo tupu. Mbele yao alikuwa Mzee Wambura, balozi wetu wa nyumba kumi, mtu ambaye nimekula kwake sikukuu zake naye amekula kwangu Idi zangu zote.

"Fundi, nani amekupa ruhusa ya kufunga maji?"

"Yana sumu, Mzee."

"Wewe ni daktari? Watu watakunywa nini? Ulikuja hapa mgeni tukakupokea. Leo unatufungia maji?"

Neno lile la mgeni liliniingia mpaka ndani. Miaka yote niliyoishi hapa sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimjibu vibaya, Mama Nyangeta akasimama katikati yetu.

"Wambura, mjukuu wangu yuko kitandani hospitali. Wewe ukitaka kunywa, kunywa. Ndoo yangu ya asubuhi ipo. Nikuletee?"

Mzee akageuka akaenda zake. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wengine wakinitazama kwa jicho baya. Tangu siku hiyo mtaa wote ukawa unachota ng'ambo ya barabara kuu, kwenda na kurudi ni asubuhi nzima. Mimi nilikuwa nabeba madumu kwa baiskeli, yetu na ya wajane, na kila dumu nililijaza kwa aibu, ingawa Zuhura aliniambia sina kosa.

Tukamfuata tajiri, akina mama wengi na mimi. Alikuwa ndani ya gari lake getini.

"Hizo dawa nilizikuta humo," akasema. "Mimi nimekodi jengo, sikukodi sumu."

"Sasa kama si yako, kwa nini umeitupa kwetu?" Zuhura akamuuliza.

Akapandisha kioo.

Tukaanza kuzunguka ofisi. Hapa tunaambiwa andikeni barua, pale tunaambiwa mhusika amesafiri. Aliyetusikiliza ni Bwana Afya, kijana mpole mwenye miwani. Alikuja mwenyewe shimoni, akatia maji na udongo kwenye chupa, akazifunga kwa lakiri, akazipeleka Mwanza kupimwa. "Nipeni muda," akatuambia. "Bila karatasi mkononi siwezi kumgusa mtu yule."

Mama Nyangeta alimshukuru, halafu nje akawaambia wenzake, "Yeye angojee karatasi. Sisi tutangojea getini."

Basi Dada, kesho yake wanawake wa Nyasura walikwenda na ndoo zao tupu wakaketi mbele ya geti la ghala. Walikaa kila siku, tangu asubuhi hadi jua kuzama. Wengine walisuka mikeka, wengine walichambua mchele, Zuhura naye alikuwa pale na tumbo lake. Lori la saruji likaja, halikupata pa kupita. Dereva alipiga honi mpaka akachoka, akashuka akaomba chai.

Tajiri akaita polisi. Walikuja watatu, na mkubwa wao akauliza kiongozi wa fujo ni nani. Mama Nyangeta akainuka, akajifuta mikono kwenye khanga.

"Afande, hapa hakuna fujo. Tulikuwaga tunachota maji pale chini. Saa hii hatuna, ndiyo tunasubiria hapa. Wewe unakaaga na watoto?"

"Ninao."

"Basi twende nikuonyeshe kitu, halafu ukitaka kunikamata utanikamata."

Akaenda naye shimoni. Yule afande alirudi ameziba pua na kitambaa. Akamwambia tajiri kwamba yeye haoni mtu wa kukamata hapa, ila akiendelea kutafuta labda atampata mwenye mapipa. Wakaondoka.

Lakini tajiri hakukubali. Siku iliyofuata alipanda mwenyewe kwenye lori, akamwamuru dereva asogee, watu watajiondoa wenyewe. Lori likaanza kunguruma. Akina mama wakashikana mikono. Nilikuwa nakimbilia pale alipo Zuhura nilipomwona Mzee Wambura anakuja na kigoda chake. Alikiweka katikati ya njia, karibu kabisa na bampa, akakaa na fimbo yake magotini.

"Mtamba wangu amekufa jana, alikunywa kwenye mfereji wa lile shimo," akasema, na sauti yake haikuwa kubwa. "Pita, kama unaweza."

Dereva akazima injini, akashuka, akakataa kurudi ndani. Nikaenda nikakaa chini karibu na kigoda. Mzee hakunitazama, alitazama lori tu.

"Fundi," akasema, "lile neno la mgeni, nilikosa. Wewe ndiye uliyetuokoa na mimi nikakutukana mbele ya watu."

Nikamwambia yameisha, Mzee. Dada, nililia, sikuficha.

Karatasi ya Mwanza ilifika wiki hiyo. Bwana Afya aliisoma palepale getini, polepole, kwa Kiswahili chepesi, na alipofika kwenye neno sumu akina mama wote wakasimama. Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Amri ikatoka juu. Tajiri alilazimishwa kuyafukua mapipa yote pamoja na udongo wake, vibarua wakiwa na mabuti na glovu, Bwana Afya amesimama juu yao. Lori lile lile lililotaka kutukanyaga ndilo lililoyabeba kuyapeleka mahali pa kuhifadhiwa. Tajiri aliamriwa pia kutoa saruji, mawe na pampu ya kisima kipya.

Mahali pa kuchimba nilipachagua mimi, upande mwingine kabisa wa kilima, ambako maji ya ghala hayafiki. Mzee Wambura alishika sururu siku ya kwanza, ingawa tulimkataza. Maji yalipopatikana watu walitaka kunywa palepale, nikasema hapana, tupime kwanza, na safari hii hakuna aliyenibishia. Karatasi ilirudi safi.

Siku ya kufungua, mjukuu wa Mama Nyangeta, ambaye alikwishatoka hospitali na sasa anakimbia kama mbuzi, alisimama karibu na bibi yake akiwa na kikombe. Kwaya ya kanisani iliimba, halafu akina mama wa msikitini wakaimba kaswida, halafu wote wakaimba pamoja wimbo ambao hakuna aliyejua maneno yake yote. Kisima cha zamani nimekijaza zege kwa mikono yangu. Kiliniuma, sitakudanganya.

Mama Nyangeta sasa ni mtu mashuhuri. Wakulima wa Bugwema wamemwita, nako kuna ghala lenye mapipa ya namna hiyo, na juzi watu wa Iringo, Musoma mjini, wamekuja kuuliza alianzaje. Anawaambia, "Mkae getini, na mwende na kazi ya mikono, msichoke haraka."

Nisalimie Shemeji, mwambie cherehani yake nitaitengeneza nikija. Msalimie Mjomba mkubwa mwenye duka la mikeka, na Shangazi, uniombee radhi kwake kwa kutomwandikia, na mdogo wetu wa mwisho aliyeko shuleni asome. Mwalimu wa chuoni aliyenifundisha Kurani mpe mkono wangu.

Leo ni Ijumaa, na kabla ya kuandika nimechukua udhu kwa maji ya kisima kipya.

Mimi mdogo wako,
Ramadhani, fundi wa pampu